Mikono Tisini na Sita ya Kushoto

Saa mbili kasorobo asubuhi, mwanamke wa miaka thelathini na minne amesimama mbele ya meza yenye urefu wa hatua kumi na mbili. Juu ya meza kuna kitambaa cha bluu, matabaka sitini, yamelazwa moja juu ya jingine na kubanwa pembeni kwa vyuma. Ana chaki mkononi. Midomo yake inacheza lakini sauti haitoki.

Nyuma yake cherehani kumi na nne zinapiga kelele. Hageuki.

"Kushoto!" anaita fundi wa kola kutoka mstari wa pili. "Leo tunashonea watu au tunashonea pweza?"

Mafundi wanacheka. Kushoto naye anacheka kidogo, macho yakiwa bado kwenye kitambaa. Ndilo jina lake hapa karakanani. Jina alilopewa na wazazi linasomwa siku ya mshahara tu.

Kazi yake ni kukata. Mafundi wa cherehani hawawezi kuanza chochote kabla yake, na akikosea yeye, wamekosea wote. Kwenye mpini wa mashine ya kukatia kumefungwa utepe mwekundu, fundo moja gumu, mahali hasa ambapo kiganja kinapaswa kukaa. Bila kulifungua, mashine haishikiki. Utepe huo una umri wa majuma matatu. Kabla yake kulikuwa na barua tatu za onyo.

Barua ya kwanza ndiyo iliyomzalia jina.

Mkono wa shati hukatwa kwa kiolezo cha karatasi ngumu. Mkataji anakilaza juu ya kitambaa, anakizungushia chaki, kisha anakipindua na kuchora tena pembeni. Mchoro wa kwanza ni mkono wa kushoto, wa pili ni wa kulia. Kisu kikishuka kinapita matabaka yote kwa mkupuo mmoja.

Siku ile kulikuwa na matabaka arobaini na nane, sare za hospitali. Kushoto alichora mara mbili, akakata vizuri sana, kingo zimenyooka. Kiolezo hakukipindua.

"Nilikuwa na mikono tisini na sita," anasema. "Yote ya kushoto. Kitambaa kina uso na mgongo, huwezi kukigeuza ukadanganya mtu. Nilikaa chini nikaitazama. Nilijua kupindua. Ningeweza kukufundisha wewe kupindua. Sikupindua."

Barua ya pili ilikuwa ya pasi aliyoiacha inawaka juu ya jora jipya. Ya tatu ilikuwa ya mlango wa ghala alioufunga kwa komeo akasahau kufuli, Ijumaa hadi Jumatatu. Hakuna kilichoibwa, lakini msimamizi hakulala usingizi mzuri kwa wiki nzima, na alihakikisha kila mtu anajua.

Msimamizi huyo mafundi humwita Bwana Futi, kwa kuwa futi ya kupimia haimtoki shingoni hata akienda kula. Alimwita Kushoto ofisini akafunga mlango.

"Dada, mimi nakuonea huruma, lakini huruma haishoni shati," alimwambia. "Barua ya nne haitakuwa ya onyo. Nakupa miezi miwili. Kama una tatizo, niletee karatasi inayosema ni tatizo gani. Kama huna, nitajua la kufanya."

Hiyo ilikuwa kazi yake ya sita katika miaka tisa. Alifukuzwa duka la dawa kwa kuchelewa. Aliacha kazi ya mapokezi kabla hawajamfukuza. Ukataji ndio pekee aliodumu nao miaka mitatu, kwa sababu, anavyosema mwenyewe, kisu kikiwa kinatembea kichwa chake hunyamaza. Shida huja kabla ya kisu.

Aliyemwelekeza kwa daktari ni muuguzi aliyekuja kupimwa sare. Wakati anapimwa, Kushoto aliweka chini penseli mara nne na kuitafuta mara nne. Mara ya nne ilikuwa sikioni kwake.

"Umekuwa hivi tangu lini?" muuguzi aliuliza.

"Tangu nizaliwe."

Muuguzi hakucheka. Alimwandikia namba ya kliniki kwenye kipande cha karatasi ya kiolezo. Kushoto alikipoteza, akakipata ndani ya kiatu, akakipoteza tena. Mwisho aliiandika namba kwa chaki ukutani, juu ya meza. Iko pale hadi leo.

Foleni ya kliniki ilikuwa wiki sita. Miadi ikapangwa Jumanne, saa tisa alasiri. Kushoto alioga, akavaa vizuri, akafika saa tisa kasorobo, akijisifu moyoni kwamba kwa mara moja maishani amewahi.

"Umechelewa," mpokezi alimwambia.

"Saa tisa haijafika."

"Leo ni Jumatano, dada."

Alilia palepale kwenye benchi mbele ya watu. Mpokezi, mama wa makamo asiye na maneno mengi, alimletea maji. "Usijali. Kliniki hii, ukichelewa siku moja wewe ni wa mapema," alisema, akamtafutia nafasi wiki iliyofuata.

Daktari alimsikiliza saa nzima. Alimweleza kuhusu hali ambayo wataalamu huiita ADHD: umakini unaokatika na kurudi bila ruhusa ya mwenyewe, mwili au mawazo yasiyotulia, kusahau ulichokishika ukiwa bado umekishika. Ni hali ya ubongo, alisema, na huanza utotoni. Hapo ndipo palipokuwa na kikwazo.

"Siwezi kuandika kwa maneno yako peke yako," daktari alimwambia. "Nahitaji mtu aliyekujua ukiwa mdogo. Mama yupo?"

Mama yupo. Mama ni karani mpiga chapa mstaafu, miaka thelathini na moja kwenye taipureta, mwanamke ambaye barua yenye kosa moja aliichana akaanza upya. Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja za Bwana Futi.

Mama alikataa.

"Mimi sikuzaa mgonjwa," alisema. "Nilizaa mzembe. Uzembe una daktari?"

Alikataa na mara ya pili, kwa simu, na akakata kabla mwanawe hajamaliza sentensi. Siku zikabaki nne.

Mara ya tatu Kushoto alikwenda mwenyewe, akasimama mlangoni bila kuingia.

"Mama, sikuombi unitetee," alimwambia. "Njoo unisengenye. Yote uliyowahi kuniambia tangu nikiwa mtoto, njoo umwambie daktari, mimi nikiwa hapohapo."

Mama alimtazama juu ya miwani. "Kukusema wewe? Hilo naliweza."

Akaja Jumanne, na faili chini ya kwapa.

Ndani ya faili zilikuwa ripoti za shule, kuanzia darasa la kwanza hadi la saba, zimetobolewa na kupangwa kwa tarehe. Mama alikuja nazo kama ushahidi wa uzembe. Akaanza kumsomea daktari, sauti kavu, kama anayesoma imla.

Darasa la kwanza: ana akili, haketi. Darasa la pili: anaanza kazi zote, hamalizi. La tatu: anaota mchana. La nne: amepoteza vitabu vitatu. La tano: ana akili, angefanya vizuri kama angekaa kwenye kiti chake.

Alipofika la sita alikatiza kusoma. Alirudi nyuma, akafunua ya kwanza, akaja tena mbele.

"Walimu saba," alisema taratibu. "Hawa hawakuwa wakijuana. Wengine walikuwa shule nyingine kabisa."

Daktari aliandika hilo.

"Nilizisoma moja moja, kila mwaka, na kila mwaka nilimchapa," mama alisema. "Sikuwahi kuzisoma kwa pamoja. Mimi! Mtu wa faili!"

Kushoto anasema hakuwahi kumwona mama yake akivua miwani mbele ya mgeni. Siku ile alivua, akaifuta kwa pindo la gauni kwa muda mrefu kuliko miwani inavyohitaji.

Kisha mama akaeleza habari ya mafundo. Akimtuma binti yake dukani, alimfungia fundo kwenye pindo la sketi ili akumbuke: moja chumvi, mawili kiberiti, matatu sabuni. Mtoto alirudi mikono mitupu na mafundo yote yapo. Wakati mwingine alirudi ameyafungua, kwa kuchezea tu njiani.

"Alikuwa anayatazama?" daktari aliuliza.

Mama alifikiri. "Nani hutazama pindo lake akitembea?" Akamgeukia binti yake, ukali ukiwa umerudi, lakini ukali wa mtu anayetengeneza kitu. "Fundo nililiweka pabaya. Ningelifunga kwenye mkono wa kikapu, mahali pa kushika. Mashine yako hiyo ina mpini?"

"Ina, mama."

"Basi."

Barua ya daktari ilifika mezani kwa Bwana Futi Ijumaa, saa nne asubuhi. Aliisoma mara mbili, akaikunja. "Haya, lina jina," alisema. "Lakini jina halikati kitambaa. Nakupa oda moja kubwa. Sare sitini. Ukiharibu, hata daktari wako akija kukuombea msamaha sitamsikia."

Oda hiyo ndiyo iliyoko mezani asubuhi hii.

Kushoto anameza kidonge kimoja kila siku baada ya chai. "Kinapunguza kelele kichwani," anasema. "Kupindua kiolezo napindua mwenyewe." Kiolezo nacho kimebadilika. Mama yake ameshusha taipureta kutoka juu ya kabati na kupiga vibandiko viwili vya herufi kubwa. Upande mmoja wa karatasi unasomeka KUSHOTO, upande wa pili KULIA.

Anachora mkono wa kwanza. Chaki inazunguka ukingo wote.

"Kushoto! Njoo mara moja!" Bwana Futi anaita kutoka mlangoni. Uzi umeletwa na rangi ina utata. Anakwenda, anaulinganisha na kitambaa, anaukataa, anabishana na mleta uzi. Dakika sita. Njiani akirudi fundi wa kola anamuuliza kitu kuhusu vifungo, anamjibu.

Anafika mezani. Anaokota kiolezo, anakilaza pembeni ya mchoro wa kwanza, anazungusha chaki. Anaweka chaki. Anapeleka mkono kwenye mpini.

Kiganja kinakuta fundo.

Anasimama. Vidole vimeshika utepe lakini havifungui. Anatazama meza, na kutoka juu ya kitambaa herufi za mama yake zinamtazama: KUSHOTO. Pembeni yake kuna mkono mwingine wa chaki, unaoelekea vilevile.

Cherehani ya fundi wa kola inanyamaza. Kisha ya jirani yake. Bwana Futi, mlangoni, ameshika futi yake kwa mikono miwili.

Kushoto anafuta mchoro wa pili kwa kiganja, polepole, hadi bluu inarudi kuwa bluu. Anashika kiolezo kwa pembe mbili. Anakipindua.

"Kulia," anasema, safari hii kwa sauti.

Anachora. Anatazama mchoro mmoja, kisha wa pili. Ndipo anafungua fundo, anautia utepe mfukoni na kuwasha mashine. Kisu kinaingia kwenye matabaka na kichwa chake, kama kawaida, kinanyamaza.

Saa tano kasorobo Bwana Futi anahesabu mwenyewe. Ya kushoto sitini. Ya kulia sitini. Anahesabu tena, maana naye ni binadamu.

"Endelea na kola," anasema, na kuondoka.

Kutoka kwake hiyo ni hotuba. Amempa miezi mitatu ya kuangaliwa, na Kushoto anataka baada ya hapo akabidhiwe meza yote, na wakataji wapya wawili awafundishe yeye. Anasema somo la kwanza litakuwa la fundo, kwa mwenye tatizo na asiye nalo. Jina hataki libadilishwe. "Limenigharimu, acha nilitumie."

Mama yake naye amefungua faili jipya, la kliniki, na kutoboa nakala ya barua ya daktari, ya kwanza kuingia.

Miadi ijayo ni wiki ijayo, saa tisa alasiri. Kushoto amefunga utepe wa pili nyumbani, kwenye komeo la mlango, ili asitoke bila kuugusa.

"Jumanne," anasema, akifunga tena fundo kwenye mpini kwa ajili ya kola. Anakaza ncha zote mbili. "Siyo Jumatano."