Kinyunga Juu ya Kisiki cha Jiwe

Tarehe 14 Septemba 1951. Ukungu mzito, upepo wa kaskazini, baridi ya kuuma masikio.

Oddný, mjane wa shamba la Hamrasel, alikuta kisiki kitupu kwenye genge la nguzo za mawe nyuma ya nyumba. Nguzo moja ya jiwe jeusi imevunjwa na kuchukuliwa, ile ya pembe sita yenye upande mmoja mfupi, ambayo marehemu mumewe Steinar aliichagua mwenyewe isimamishwe kaburini kwake.

Nani mwingine ana farasi wa kuburuta jiwe zito vile, kama si Ketill, jirani pekee upande huu wa mto? Na mbona wiki nzima alikuwa akimwamkia huku anatazama pembeni?

Akakanda kinyunga kigumu cha mkate mweusi, akakibandika juu ya kisiki mpaka kikashika umbo la pembe zake sita, kama kofia. Akakikausha juu ya jiko kisije kikalegea njiani, akakitia kapuni, akaenda kunywa kahawa kwa Ketill.

Langoni mwa zizi la kondoo palisimama nguzo mpya.

“Hii umeitoa wapi, jirani?”

“Mtoni. Imeletwa na maji.”

“Maji yenye farasi na kamba?”

Akaivika ile nguzo kofia yake. Haikuingia, ilipungua upana wa kidole.

“Siku hizi unayaokea mawe kofia?” Ketill alicheka, damu ikimrudi usoni. “Haya, ingia ndani, mchawi wee. Kahawa inapoa.”

Oddný aliingia kwa aibu. Ketill, roho imetulia, maneno yakamtoka.

“Mwalimu alinieleza habari za mawe haya. Lava ya volkano ilitanda hapa kama uji wa moto. Ilipopoa ikanywea, ikapasuka, na mipasuko ikazama ndani sawasawa. Ndiyo hizo nguzo.”

Oddný akatazama kofia kapuni. Ukingo wake ulikuwa umejaa nyufa.

“Kumbe hunywea,” alisema.

“Nini?”

“Lava. Kahawa yako tamu leo.”

Asubuhi iliyofuata, kabla ya kukamua ng'ombe, alikanda kinyunga kingine, akakibandika kisikini, na safari hii akakibeba kibichi juu ya ubao mpaka kwa Ketill. Kikaikaa nguzo sawasawa, upande mfupi kwa upande mfupi. Ketill akatoka na nguo za kulalia.

“Oddný, nilidhani hutaihitaji tena...”

“Funga farasi,” alisema Oddný. “Unaipeleka kaburini wewe mwenyewe.”