Kila Ijumaa Nilimpima Baba

Shangazi alihamia kwetu Madungu kutoka Wete wiki ile ile baba aliporudi kutoka bara, ambako madaktari walimkuta na saratani ya mitoki, zile tezi za shingoni na makwapani, na kumtia dripu ya kwanza ya dawa. Alikuja na sufuria zake, kama kwamba zangu zina najisi, na siku ya pili akanitoa jikoni. Samaki, nyama, mayai, vyote akavipiga marufuku. Alidai vinaulisha ugonjwa. Baba akawa mtu wa uji mweupe, asubuhi na jioni.

Muuguzi wa hospitali yetu alikuwa ameniagiza mambo mawili: kila Ijumaa nimpime baba uzito, kisha nimzungushie mkononi, juu ya kiwiko, utepe wa cherehani, niandike vyote daftarini. Baba alikuwa mchukuzi bandarini Wesha ujana wake wote, na mkono ule ulikuwa mnene kama paja langu.

"Unampima ndugu yangu kama mbuzi wa Idi," shangazi alinambia.

"Na weye unamlisha kama mtoto mchanga."

Tokea hapo hatukusalimiana. Kila alasiri, yeye akiwa kwenye mswala, nilimpelekea baba chumbani mayai ya kuchemsha na maziwa. Bakuli lilirudi tupu. Uzito ulioanza kushuka ukasimama, kisha ukapanda kilo mbili. Nilikwenda jikoni nikamfungulia shangazi daftari usoni, nimejaa kiburi.

Hakulitazama. "Mshike mkono, weye uliyesoma. Mshike!"

Sikumshika. Utepe nilikuwa nimeuacha muda mrefu, maana baba alikuwa akiguna kuvuliwa shati. Mizani ilinitosha.

Tuliporudi hospitali, muuguzi alimbonyeza baba kwenye muundi wa mguu kwa kidole gumba. Shimo likabaki pale pale. Akauliza mkono ulikuwa na kipimo gani Ijumaa iliyopita. Nikalifunga daftari.

"Hizi kilo unazozifurahia ni maji, yamejaa miguuni," alisema. "Nyama yake imekwisha. Anakula nini huyu?"

Nyumbani shangazi alinisubiri mlangoni, akanitaka nimweleze alichosema muuguzi. "N'likwambia!" Nikamjibu kwamba uji wake ndio uliomkausha, naye akaniita muuaji. Tulipiga kelele mpaka majirani wakatoka nje.

"Kimya!" Baba alikuwa ameshika ukuta. "Mayai yako nawapa paka dirishani. Uji wako, dada, naumwaga. Mdomo wangu wote vidonda, maji yenyewe yananichoma. Mwezi mzima mnanigombania, na hapana hata mmoja aliyeniuliza kama naweza kumeza."

Nilimchukia shangazi zaidi wakati ule, kwa sababu alilia kabla yangu.

Muuguzi, tulipomrudia, alitoa dawa ya kusukutua, na baba mwenyewe akachagua boko boko, nyama na ngano vipikwe mpaka vilainike. Shangazi alipika, mimi nilipima, mizani na utepe, bila ya kusemeshana. Siku ya kwanza baba alikula vijiko vitano. Maji ya miguuni yalipungua, na mkono ukaanza kujaa polepole sana.

Dawa zilipomalizika na madaktari wakasema mitoki haionekani tena, shangazi alifunga sufuria zake akarudi Wete, akawaeleza watu wote kwamba nilikaribia kumuua baba kwa daftari. Mimi huku niliwaambia majirani kwamba ni yeye, kwa uji. Mwaka uliofuata alikuja kumwamkia ndugu yake. Nilimfungulia mlango, nikachukua buibui langu, nikatoka.