Mlango Nilioutoa Kivinje

Watu wa Lindi wakitaka kunifunga mdomo siku hizi hawahangaiki, wananiuliza tu, "Kontrakta, ule mlango haujambo?" nami nanyamaza, mimi ambaye sijawahi kunyamazishwa na mtu, na kwa kuwa kila mmoja anausimulia mkasa ule anavyotaka (wengine wanaongeza kwamba nililia mbele za watu, jambo ambalo ni kweli), bora niusimulie mwenyewe.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zimefunguliwa, mwenye nguvu zake anapanda, na mimi nikapanda. Shule niliishia darasa la nne kule Mingoyo, lakini muulize yeyote nani alijenga maghala ya korosho ya barabara ile, atakutajia mimi. Basi chuo kimoja pale mjini kilipotaka jengo la kufundishia uuguzi na utabibu, lenye wodi ya mazoezi na vitanda kama hospitali, kazi nikapewa mimi, na masika ile barabara ya Dar ikakatika Rufiji, mhandisi wa kuja kukagua akakwama ng'ambo, jengo zima likabaki mikononi mwangu. Nikaona Mungu ananijua.

Jengo lilikwenda vizuri, hata leo silisemi vibaya. Ila ramani ilionyesha mlango mkuu wa kawaida kabisa, mpana, mbao tupu, sakafu inapita sawa kutoka nje hadi ndani. Nikaukataa. Mlango gani huo, kama wa ghala? (Na maghala nayajua.) Nilikuwa na mlango wangu nilioununua Kilwa Kivinje kwenye nyumba iliyoanguka, mvule mtupu, umechongwa maua, una misumari ya shaba, na chini kizingiti kirefu ambacho mtu lazima anyanyue mguu apite kwa adabu. Nikaziba ile nafasi pana kwa tofali, nikauweka wa kwangu. Mama yangu, Bi Somoe, aliyenilea peke yake kwa kukaanga samaki, alikuja kuutazama, akaupapasa, akasema, "Sasa hii ni nyumba, mwanangu. Nyumba isiyo na kizingiti ni banda la kuku." Kwangu hilo lilipita muhuri wa mhandisi.

Sista Filomena, Mmakonde wa Newala aliyekuwa mkuu wa wanafunzi wa uuguzi, aliniuliza kizingiti kile cha nini. "Sista," nikamwambia, "wewe fundisha sindano, milango niachie mimi." Akanitazama, akaenda zake. Vitanda vilikuja vipande vipande, wanafunzi wakavifunga humo humo ndani, kwa hiyo hakuna aliyewahi kukipitisha hata kimoja mlangoni.

Siku ya ufunguzi ikafika, maturubai, ngoma, mgeni rasmi, na mama yangu mstari wa mbele na kanga mpya. Mgeni akaingizwa ndani kutembezwa, pamoja na Sista na daktari wa chuo, mimi nikabaki mlangoni nikiwaeleza watu habari za nakshi, mara nikasikia mwanamke anapiga kelele, kugeuka, mama yuko chini, kiti kimemlalia.

Jirani yake akasema, "Tumbebeni kwa kanga, upesi!" Wangembeba. Mimi nikakataa. "Mama yangu habebwi kama gunia, na jengo la wagonjwa hili hapa! Leteni kitanda cha magurudumu!"

Wanafunzi wakaja nacho mbio. Magurudumu ya mbele yakagonga kizingiti, yakaruka, kitanda kikashuka kwa tumbo na kukaa hapo, pembeni kimebana kwenye miimo, hakiendi mbele hakirudi nyuma. Tukavuta, wa ndani wakasukuma, kikazidi kubana. Madirisha yote nilikuwa nimeyapiga nondo, na mlango wa nyuma nilikuwa nimeurundikia kifusi ili mgeni rasmi asikione. Mgeni rasmi akawa ndani, daktari ndani, dawa ndani, na mama yangu nje juani.

"Kontrakta," muuza samaki mmoja akapaza sauti, "mbona umetujengea jela?"

Watu wakacheka. Halafu wakaona mama hatikisiki, kicheko kikakatika.

Aliyetoka ni Sista. Alilala chini akatambaa kwa tumbo chini ya kitanda, gauni jeupe likajaa vumbi la saruji yangu, akapiga magoti kwa mama. "Shikamoo, Mama. Bi Somoe, shikamoo." Mama akafungua macho. Marahaba ikatoka nusu, upande mmoja wa mdomo tu, nusu nyingine haikuja. Hapo ndipo nililia. Sista hakuniangalia hata kidogo, aliwaambia wale wanawake, "Mbebeni kwa kanga," wakambeba vile vile nilivyowakataza, wakampakia kwenye pikapu hadi hospitali.

Mama hakufa, alhamdulillahi, lakini mkono wa kulia na mguu wake havikurudi. Kama zile dakika za mlangoni ndizo zilizomchukua au la, sijawahi kumwuliza Sista. Naogopa. Naye tukikutana ananisalimu kwanza, hasemi zaidi.

Kizingiti kile nilikikata kwa mkono wangu, nikabomoa na tofali zangu. Nikaapa, na kiapo nakishika: jengo langu lolote siku hizi, kabla sijakabidhi, nalala mwenyewe juu ya kitanda cha magurudumu na mafundi wananipitisha kila mlango, wanacheka, nawaacha wacheke.

Nyumbani kwangu nako kizingiti nimekikata. Jioni namtoa mama barazani kwa kiti chake cha magurudumu, tunapita sawa bila kugonga, na kila tukipita pale mlangoni anaitazama sakafu, anasema kwa ule upande uliobaki, "Banda la kuku." Anacheka nusu. Mimi nasukuma.