Jaketi la Salum na Taji la Bwana Ngozi

Nilikwenda Guangzhou kushika jaketi. Mtacheka, najua. Hata ofisa aliyenihoji kuhusu viza alicheka, akarudia swali, nami nikarudia jibu.

Binamu yangu Faraji, ambaye kwa miaka kadhaa sasa anasafirisha mikanda na mabegi kutoka kule kwenda Kariakoo, alikuwa ameingia kwenye shindano la kumtafuta Bwana Ngozi. Taji hilo hutolewa na jumuiya ndogo ya watu wanaopenda kuvaa ngozi, kuanzia kofia hadi buti. Wamo wanaume wanaopendana wao kwa wao, wamo mume na mke, wamo waendesha pikipiki, na wamo mafundi walioipenda kazi yao hadi wakaivaa. Desturi yao inataka kila mshindani aje na mshika jaketi: mtu wa kumpa maji, kumfunga vifungo na kumwambia ukweli.

"Wa huku wote watanisifu," Faraji aliniambia kwenye simu. "Wewe tangu utoto hujawahi kunisifu. Njoo."

Sikuhitaji kuuliza ni jaketi gani. Lilikuwa la Salum, rafiki yake wa chumba kimoja, mtoto wa Tanga, aliyefariki kwa maradhi kule kule ugenini. Salum alijiandikisha kwenye shindano hilo mara mbili. Mara mbili alifika kwenye ngazi za jukwaa, akageuka, akashuka zake barabarani kunywa chai. Faraji alikuwa amemwahidi mama yake Salum jambo moja: jaketi litapanda jukwaani kwanza, ndipo litarudi nyumbani.

Dar es Salaam, siku ya kuondoka, jua lilikuwa limeukaza mji kama ngozi ya ngoma. Niliaga kwa furaha, begani begi lenye korosho, kiwi ya viatu na kanga mbili. Tulibadilisha ndege Addis Ababa, ambako wafanyabiashara wenzangu wa safari walikuwa wanajuana wote, wanaulizana habari za makontena kama watu wanaoulizana habari za watoto.

Guangzhou ilinipokea asubuhi kwa unyevu ambao sijawahi kuuona. Ilikuwa majira ya kuchipua, na upepo wa kusini ulikuwa umerudi. Kuta za uwanja wa ndege zilikuwa zinatoka jasho. Vioo vilikuwa vinalia. Faraji alinipokea akiwa na taulo shingoni.

"Usishangae, dada," alisema. "Mwezi huu hata soksi hazikauki. Unazivaa mbichi, unamwachia Mungu."

"Na jaketi?"

"Jaketi liko salama." Akatabasamu kama mtu aliyemaliza kazi. "Nimelifunga mwenyewe."

Nilipaswa kumuuliza amelifungaje. Sikuuliza. Wewe unayefikiria kushiriki kwa mara ya kwanza, mpe mshika jaketi wako ruhusa ya kuuliza maswali ya kijinga, tena siku ya kwanza.

Mchana tulikula mtaa wa Xiaobei, kwenye mgahawa wa Waislamu kando ya barabara ya Huanshi Zhonglu, tambi za kuvutwa kwa mkono na nyama ya kondoo. Mwenyeji wetu alikuwa Papa Didier, Mkongomani wa Lubumbashi, mwenye kiuno cha ngoma na buti zinazong'aa kuliko vijiko vya mezani. Yeye ndiye aliyekuwa Bwana Ngozi wa mwaka uliotangulia. Alikuwa anamfundisha Faraji huku anatafuna.

"Mutoto, sikia. Ngozi mupya inapiga kelele. Ukitembea, kwii, kwii, kama mulango. Waamuzi wanasikia mulango, hawakusikie weye. Vaa ya zamani."

"Ninayo ya zamani, Papa."

"Bien. Na usikariri maneno. Madame Liang, mwamuzi mukubwa, atakuuliza jambo moja tu, na halitakuwa lile ulilokariri."

Faraji aliinamisha uso kwenye bakuli. Nilijua ana hotuba nzima ya Kichina mfukoni, aliyoandikiwa na mwanafunzi mmoja, kuhusu urafiki wa mabara.

"Na tena," Papa Didier akaongeza, akinielekezea mimi kijiti cha kulia tambi, "ule kabla. Ngozi ina joto, taa zina joto, tumbo tupu linaanguka. Miye mwaka wangu wa kwanza nilianguka. Voilà. Walinipepea na kofia ya mupinzani wangu."

Jumapili asubuhi, siku ya shindano, chumbani kwa Faraji, tulilifungua jaketi. Hapo ndipo nilipoelewa neno "nimelifunga". Alikuwa amelipaka mafuta mwezi mzima kabla, kisha akalifunga kama anavyofunga mzigo wa kwenda bandarini: nailoni juu ya nailoni, utepe wa gundi kila pembe, na juu yake alama yake ya mzigo kwa kalamu nzito. Mtu mwingine yeyote angelitundika dirishani. Mtu wa kontena hawezi. Kwake yeye, kitu hakiko salama mpaka kikose pumzi.

Nilikata utepe kwa kisu. Harufu ilitutangulia kutoka. Jaketi lilikuwa limeota ukungu, mweupe begani, wa kijani mgongoni, laini kama manyoya ya kifaranga.

Faraji alikaa kitandani. Akasema, "Nimemfunga Salum na unyevu wake."

Tulipofika Kangle, kwenye vichochoro vya viwanda vidogo vya nguo ambako cherehani hazipumziki hata Jumapili, nilikuwa nimelibeba jaketi mkononi kama mgonjwa. Ukumbi ulikuwa ghorofani, juu ya duka la zipu. Watu wa pikipiki walikuwa wanapanda ngazi kwa miguu na kofia zao ngumu mkononi, wamekuja kwa basi, kwa kuwa jiji limezipiga pikipiki marufuku. Waliingia kwa madaha hivyo hivyo, kama walioegesha nje.

Nyuma ya pazia walikuwamo washindani wengine wawili. Mmoja ni Ah Jun, fundi wa mikanda, aliyekuwa anasali kimya au anahesabu pumzi, sikujua. Wa pili ni Kevo, mwanafunzi kutoka Nairobi, mrefu, suruali ya ngozi imemkaa kama imemzaa. Kwa desturi yao, kabla ya kupanda, kila mshindani humpigia mwenzake buti kiwi. Kevo alikuwa ameshapiga goti mbele ya Faraji, brashi mkononi, alipoliona jaketi.

"Buda! Hii ni nini? Umekuja na shamba?"

"Siendi," Faraji alisema. "Nimeshaamua. Dada, turudi."

Akageuka. Ngazi za kushukia barabarani zilikuwa pale pale, wazi, zenye harufu ya chai ya mtu fulani. Niliogopa kuziangalia. Kazi yangu ilikuwa kusema ukweli, na ukweli ulikuwa kwamba jaketi lilitia kinyaa.

"Linanuka," nilisema. "Lakini Salum aligeukia hapa hapa."

Kevo hakumjua Salum. Alibana brashi kwapani akatuangalia kwa zamu.

"Skiza, msee. Ukienda, mimi nitashinda tu bure. Nitaambia watu home nilishinda nani? Ah Jun na ukungu?"

Ah Jun alicheka kwanza, ingawa hakujua Kiswahili. Labda alichekea sauti tu. Kisha akatoa spiriti ya dukani kwake na vitambaa. Tukalitoa jaketi kwenye kibaraza cha nje, tukalipiga brashi, tukalifuta, Kevo mkono wa kulia, Ah Jun wa kushoto, mimi kola, Papa Didier akilipepea kwa kofia yake na kutoa amri ambazo hakuna aliyezifuata. Ukungu ulitoka. Madoa hayakutoka. Yalibaki mgongoni, ya kijivu, kama ramani ya visiwa.

Faraji akalivaa. Nikamfunga vifungo. 

Jukwaani alitembea vizuri, sitamsingizia. Ngozi kuukuu haikutoa sauti. Madame Liang, mwenye karakana ya mabegi, ambaye wote humwita laoban, yaani bosi, alisimama, akamzunguka, akaweka kidole kwenye doa. Aliuliza kwa Kiingereza chepesi, "Mwenye jaketi hili yuko wapi?"

Niliuona mkono wa Faraji ukienda mfukoni kwenye hotuba. Ukatoka mtupu.

"Alikuwa anaishia pale kwenye ngazi," alijibu. "Leo amepanda."

Madame Liang aliondoa kidole kwenye doa. Akarudi kitini bila swali la pili.

Alishinda Kevo, na alistahili. Alizungumza juu ya kuwapokea wageni wapya, akafanya ukumbi mzima ucheke kwa lugha tatu. Faraji alikuwa wa pili. Alipiga makofi hadi viganja vikawa vyekundu, na Kevo, mkanda wa taji umemvuka kifua, alishuka akamwambia, "Mwakani uje na jaketi yako, buda. Hiyo imestaafu."

Siku ya kurudi, Faraji alinipa jaketi uwanjani, bila mfuko. "Livae au libebe mkononi. Usilifunge." Nililivaa. Nilishuka Dar es Salaam kwenye joto lile nikiwa nimevaa ngozi nzito, na ofisa wa forodha akaniuliza, "Dada, huko ulikotoka kuna theluji?"

Tanga, nilimkuta Mama Salum barazani anachambua mchele. Nilimpa shikamoo, kisha jaketi. Alilinusa.

"Lina ukungu."

"Ndiyo, mama. Ni wa Guangzhou. Tumejitahidi."

"Lilipanda?"

"Lilipanda, mama. Likawa la pili."

"Kati ya mangapi?"

"Matatu."

Mama Salum alicheka mpaka mchele ukamwagika kutoka ungoni. "Salum huyu! Hata shuleni, siku ya mbio, alikuwa anajificha chooni." Akajifuta macho kwa upindo wa kanga, akainuka, akalitundika jaketi kwenye msumari wa dirishani, mgongo wenye madoa ukitazama nje, upepo upite.

Kwa hiyo wewe utakayekwenda mara ya kwanza, kula kwanza, acha hotuba nyumbani, mpigie mpinzani wako kiwi kwa moyo mmoja. Na lile unalolipenda, litundike penye hewa. Nilipoondoka barazani, lilikuwa linayumba kidogo, mikono wazi.