Rhoda na kona isiyo na nailoni

Saa mbili asubuhi, nje kidogo ya mji wa Kahama, lori lililojaa marudio limerudi kinyumenyume hadi ukingoni mwa bwawa la kuchenjulia dhahabu. Dereva anasubiri ishara amwage. Rhoda Mabula, kibarua mwenye umri wa miaka thelathini na moja, amesimama peku kwenye kona ya bwawa, na hatoki.

Marudio ni mchanga uliokwisha kuoshwa dhahabu mara ya kwanza. Hapa utalowekwa kwenye maji ya sayanaidi, sumu inayokamua dhahabu iliyobaki. Kinachoizuia isizame ardhini ni nailoni nzito iliyotandikwa sakafuni. Hatua themanini kutoka bwawani kuna kisima, na watoto wawili wa Rhoda hunywa hapo.

Bwawa lilikuwa mita kumi kwa kumi. Mwenye nalo, Masudi, aliagiza liongezwe mita tatu kwa pande mbili zinazopakana. Sostenes, fundi wa miaka mingi, akanunua vipande viwili vya nailoni, kila kimoja mita kumi kwa tatu. Kwenye kona zilipokutana nyongeza hizo mbili pakabaki pengo la mita tatu kwa tatu. Akaliziba kwa viroba na udongo wa kichuguu.

Rhoda hulipwa shilingi elfu kumi kwa siku. Jioni husoma na watahiniwa wa kujitegemea, akirudia hisabati ya kidato cha nne aliyopata F. Juma lililopita walifundishwa kuzidisha mabano: a jumlisha b, ikizidishwa kwa yenyewe, inatoa a mraba, ab mbili na b mraba.

"Darasani wengi tunasahau zile ab mbili," anasema. "Hapa zimenunuliwa, ila b mraba imesahauliwa. Mia, sitini, na tisa. Hiyo tisa ndiyo nimeikanyaga."

Masudi anafika. Rhoda anamwamkia shikamoo, naye anaitikia shingo upande. Sostenes anadai kichuguu kimesakafia nyumba za Wasukuma tangu enzi na enzi, na mbeba zege hawezi kumfundisha kazi. Dereva anawasha injini. Ukimtazama Rhoda, unaogopa kwa niaba yake.

"Mama Eliya, toka humo," Masudi anasema. "Sitarudia."

"Baba, mwaga ndoo moja ya maji hapa. Yakikaa, natoka mwenyewe."

Ndoo inamwagwa. Haipiti robo saa, maji yote yamenywewa na ardhi, na sakafu nzima ya bwawa imeinamia kona hiyo, kwa hiyo sumu ingekusanyikia hapo.

Masudi anamtuma mtu mjini kuleta nailoni. Saa nane mchana Rhoda anaitandika na kuiunga kwa moto, Sostenes akiwa amekaa pembeni. Kisha Masudi anampa ujira wake na kumwambia kesho asije. Hataki kibarua anayemwaibisha fundi mbele ya watu.

Inakera. Rhoda alistahili asante.

"Nimeumia, sikudanganyi," anasema Rhoda akinawa miguu. "Lakini Novemba nafanya mtihani. Nikifaulu, naenda chuo cha ufundi. Nataka bwawa lijalo nipige kipimo mimi, na kibarua akisimama konani kunibishia, nimsikilize."