Kizibo Kisichovuja

Nina cheti cha utaalamu wa plastiki ambacho hakijawahi kunipatia hata kikombe cha chai. Kimeandikwa kwa herufi za madaha kama kadi ya harusi, kina mihuri miwili, na jina langu limekosewa. Nilikipata miaka ile ya wakimbizi, Ngara ilipojaa magari meupe yenye antena ndefu, na kila mwenye gari jeupe alikuwa na semina yake. Palikuwa na semina ya vyoo, semina ya majiko, semina ya amani. Sisi tukaangukiwa na ya plastiki.

Ilianza hivi. Wenyeji tulikuwa tumechoka. Miti ilikuwa imekatwa kwa kuni mpaka vilima vikabaki vipara, mashamba yamekanyagwa, na malori ya msaada yalipita mbele ya nyumba zetu bila hata kupunguza mwendo. Manung'uniko yakawafikia wakubwa wa shirika moja. Wakakaa kikao, wakala biskuti, wakatoka na dawa: wenyeji wapewe vizibo vya madumu. Mgeni mmoja alikuwa amemwona mtu akiziba dumu lake kwa gunzi la mahindi, akasikitika sana. Kwa hiyo msitu mzima ulikwenda, na sisi tukarudishiwa kizibo.

Vizibo hivyo vingetengenezwa na vijana wa hapa hapa, kwa plastiki chakavu kutoka kambini. Mafunzo yalikuwa ya miezi miwili, kwenye ghala la mabati pembeni mwa mji. Mwalimu alikuwa mhandisi kutoka Dar es Salaam, mtu aliyevaa koti jeupe la maabara kwenye vumbi jekundu la Ngara na kila Jumatano akashangaa kuwa limechafuka. Mashine ilikuwa moja tu, ya mkono: bomba nene la chuma linalopashwa moto kwa mkaa, na juu yake mkono mrefu kama mpini wa jembe. Unamimina vipande vya plastiki, unasubiri viyeyuke, unauvuta ule mkono kwa uzito wako wote, na plastiki inashindiliwa ndani ya kalibu, yaani vyuma viwili vilivyobanwa pamoja na kuacha katikati nafasi yenye umbo la kizibo. Siku ya kwanza mhandisi alitutangazia kwamba mafunzo yakiisha mashine ile itaachwa kwa mmoja wetu, yule ambaye kazi yake itashinda.

Kuanzia siku hiyo sikutaka kitu kingine duniani. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kurudi Mabawe kwenye migomba ya baba, na majirani walikuwa wameanza kuniuliza, kwa upole wa kuudhi, shule ilinisaidia nini. Nilitaka kuwajibu kwa chuma.

Tulikuwa wanafunzi wanane. Saba tulikuwa wanaume wenye kalamu mfukoni na akili kwenye posho. Wa nane alikuwa mama wa Nyamahanga, kule Biharamulo, aliyeishi kwa kukamua ndizi na kuuza pombe yake. Waliomweka kwenye orodha walihitaji mwanamke kwenye picha ya ripoti, wala hawakuona haya kulisema mbele yake. Kusoma alisoma kwa shida, kidole kikitangulia. Sisi saba tulimwamkia shikamoo asubuhi, na baada ya hapo tulimsahau mpaka kesho yake.

Sitamnyima mhandisi haki yake. Kazi aliijua. Alitufundisha kuchagua plastiki kwa kuitupa majini, inayoelea huku na inayozama kule, na kwa kuichoma kidogo na kuinusa, maana ile nzuri ya madumu hunuka kama mshumaa uliozimwa. Alitufundisha kwamba plastiki ikipoa hunywea, kwa hiyo kalibu lazima iwe kubwa kidogo kuliko kitu unachokitaka. Alitufundisha kuzipa kuta za kalibu mteremko, kama ndoo zinavyopanuka juu, ili kitu kisinase ndani ya chuma. Hayo yote bado ninayo kichwani. Ila mtu yule aliamini kwamba kitu kisichochorwa kwenye karatasi hakipo, na aliishi nasi miezi miwili bila kuingia nyumba hata moja kuona dumu linabeba nini.

Wiki ya pili alituuliza kazi ya kizibo ni nini. Tukajibu kwa pamoja, kama watoto wa darasa la kwanza, kuwa ni kuzuia kuvuja. Yule mama akanyoosha mkono.

"Mwarimu, dumu ra pombe rinahema," alisema. "Ukiriziba sana rinakasirika."

Mhandisi akamuuliza kama dumu hilo lina pua. Ghala zima likacheka. Mimi nilicheka kuliko wote, na nikaendelea baada ya wenzangu kunyamaza, mimi ambaye bibi yangu aliyenilea huzichanganya herufi zile zile namna ile ile. Nilicheka kwa sababu mhandisi alikuwa ananitazama. Mama akashusha mkono, akarudi kukwangua plastiki.

Kila mmoja alisanifu kizibo chake, na kilichopita mtihani wa kwanza kilikuwa changu. Nilikikaza kwenye dumu la maji, tukalining'iniza kichwa chini kwenye boriti kuanzia asubuhi hadi jioni, na sakafu ikabaki kavu. Mhandisi alinipiga bega akasema nina jicho la kazi. Nilitembea kurudi nilikopanga kama mtu aliyeteuliwa kuwa waziri. Tukavishindilia vizibo vyangu kwa magunia, vyekundu, na vikagawiwa vijijini kwa mkutano na hotuba ndefu, ambamo tuliambiwa tushukuru.

Mtu mwenye akili angejua vitakakokwenda. Maji ya kisimani hayahitaji heshima, gunzi linayatosha. Kizibo kipya, chekundu, cha kupewa kwa hotuba, huwezi kukiweka kwenye maji. Unakiweka kwenye dumu la pombe ya ndizi linalopelekwa ukweni. Na pombe ya ndizi haitulii hata ikishaingia dumuni. Inaendelea kuchacha na kutoa hewa, na gunzi huiruhusu hewa hiyo itoke polepole, jambo ambalo kila mtoto wa kwetu analijua. Mimi pia nilikuwa nalijua. Nililijua maisha yangu yote, nikaliacha nje ya mlango wa ghala pamoja na kandambili.

Madumu yakavimba. Mengine yalipasuka njiani yakiwa yamefungwa kwenye baiskeli, mengine jikoni. Kwenye posa moja huko kwetu Mabawe, mshenga alikuwa katikati ya maneno yake matamu dumu likapasuka nyuma yake, likamlowesha kuanzia kisogoni mpaka kwenye soksi. Upande wa binti wakasema hiyo ni ishara, wakaahirisha shauri. Kesho yake mshenga alikuja ghalani na shati lile lile, akaweka kizibo chekundu juu ya meza ya mhandisi, akaondoka bila kumwamkia mtu.

Mhandisi akatuambia kwamba wananchi wametumia bidhaa visivyo, kizibo kilisanifiwa kwa maji. Hata hivyo wakubwa wake hawakutaka kuondoka Ngara na aibu ya aina hiyo, hivyo akaifanya kuwa mtihani wa mwisho: atakayekirekebisha kizibo ndiye atakayeachiwa mashine.

Siku tatu nilichora upuuzi. Nilichora kizibo chenye springi. Nilichora kizibo chenye mpira ndani yake. Springi na mpira tungevipata wapi, Mungu ndiye ajuaye.

Siku ya nne, wakati wa chakula, mama wa Nyamahanga alikuja kukaa karibu nami. Nikamwamkia. Akafungua pindo la kitenge akatoa kizibo changu chekundu, akanigeuzia upande wa ndani. Pale juu, kinapokalia mdomo wa dumu, alikuwa amekwangua kwa kisu mfereji mmoja mwembamba, usiozidi unene wa uzi. Dumu likilala halimwagi, linatoa tone moja moja. Likisimama, hewa inapita humo. Nyumbani kwake na kwa majirani zake alikuwa amevikwangua vyote, na hakuna dumu lililokuwa limepasuka.

"Mwanangu, nichoree hiki," alisema. "Yure mwarimu haoni kitu mpaka kiwe kwenye karatasi. Nikiipata ire mashine nitaiweka pare kwangu, wanawake wote wanaouza pombe watakuja kwangu."

Nikamwambia ndiyo mama, leo hii hii. Nilipolisema nilikuwa na maana hiyo. Naomba niaminiwe katika hilo, ingawa sina sababu ya kuaminiwa.

Nilichora. Palikuwa na tatizo moja: mfereji ndani ya kizibo maana yake ni mstari ulioinuka kwenye chuma cha kalibu, na kizibo cha kukaza hutolewa kwenye chuma kwa kukizungusha, hivyo mstari ule ungekinasa kila mara. Nikaupa mstari mteremko pande zote mbili, kama nilivyofundishwa, ili plastiki ingali moto iupande na kuteleza. Ilikuwa kazi nzuri, na ilikuwa yangu. Lakini nilipofika kwenye kona ya karatasi ambapo huandikwa jina, ule mteremko wangu ulikuwa umeshakua mkubwa mno kichwani, mpaka mfereji wenyewe nikauona kitu kidogo tu. Nikaandika jina langu.

Siku ya kuwasilisha, mhandisi aliinua mchoro wangu juu watu wote wauone, akasema huu ndio uhandisi. Akapitia michoro ya wengine haraka haraka. Kisha akamgeukia mama, akamuuliza wake uko wapi.

Mama akasimama. Alinitazama mimi.

"Mchoro wangu ni ure uriouinua juu, mwarimu," alisema.

Mhandisi akatabasamu. Alidhani mama amekubali kushindwa na anajisifia kwa kazi ya mwanafunzi mwenzake, akatuambia sote tuige moyo ule wa kushirikiana. Watu wakapiga makofi. Mdomo wangu ulikuwa na nafasi ya kutosha ya kusema neno moja, na nikaitumia kumeza mate. Nimemdharau mhandisi yule kwa miaka mingi, na bado namdharau, lakini yeye alikuwa mjinga tu.

Mashine ililetwa Mabawe kwa gari jeupe. Baba alialika majirani, wakaizunguka, wakaigusa, na wale waliokuwa wakiniuliza shule ilinisaidia nini wakaniita fundi. Nililewa sifa hizo kwa mwezi mmoja. Kisha shirika likafunga ofisi, mhandisi akaenda zake na koti lake, na mimi nikabaki na mashine bandani. Sikuiwasha. Nilijiambia mkaa ni ghali, kisha nikajiambia mvua zikiisha. Ukweli ni kwamba nilitaka kushinda mashine, sikutaka kutengeneza vizibo. Kutoka jasho kwa ajili ya wauza pombe niliona ni kazi ya watu wa chini yangu.

Mwaka uliofuata, wakati wa kiangazi, mama wa Nyamahanga alifika kwetu akisukuma baiskeli. Alikuwa amelala kwa ndugu yake mjini, akaulizia njia. Nyuma ya baiskeli palikuwa na gunia la plastiki iliyooshwa, iliyokatwa vipande sawasawa na kutengwa kwa rangi, safi kuliko yoyote tuliyowahi kuitumia ghalani. Hakugusia mchoro. Alisema amekuja kuomba nimshindilie vizibo, nami nichukue nusu ya gunia kwa kazi yangu.

Nikamwambia mashine imeharibika.

Akaomba aione, labda tusaidiane. Sikuwa na namna ya kumkatalia mgeni aliyetoka mbali vile. Nikafungua banda. Lile bomba la chuma lilikuwa bado limepakwa rangi ya buluu, rangi waliyoipaka watu wa shirika kwa ajili ya picha ya makabidhiano. Mama alipitisha kiganja juu yake taratibu, kuanzia juu hadi pale moto unapokaa, akakitazama kiganja, akakifuta kwenye kitenge ingawa hakikuwa na kitu.

"Rangi hii haijawahi kuona moto," alisema.

Hakungoja nimjibu. Alirudi uani akaanza kulifunga tena gunia lake kwa kamba ya mpira, na mimi, kwa kuwa nililelewa vizuri, nikamshikia baiskeli isianguke. Akaniambia asante mwanangu. Nikamjibu karibu tena, mama, kama mtu mwenye duka.