Visu vya Kufyatua

Edina Siame alikuwa katika mwaka wake wa kumi na moja wa kuuza vyombo sokoni Tunduma: masufuria, mapanga ya shamba, visu vya jikoni. Walimjua kwa upole, na kwa ubishi wa bei.

Mwezi wa tatu binamu yake Lwitiko, anayeishi Nakonde upande wa Zambia, alivuka mpaka na boksi la visu ishirini vya aina ambayo Edina hakuwahi kuiuza. Kikiwa kimefungwa huoni kitu ila mpini mweusi. Bonyeza kitufe, chuma kinachomoka kabla hujapepesa jicho.

"Hivi si vya kukatia vitunguu," alisema Edina.

"Dada, kisu ni kisu. Weka hapo, vitatoka vyenyewe."

Vilitoka. Mwanamume mmoja mwenye shati lililopigwa pasi alinunua vitatu, na baada ya siku mbili akachukua vitano. Hakuomba apunguziwe hata senti. Hilo lilimkera Edina moyoni, maana Tunduma hata kiberiti kinapatanwa. Mara ya tatu alitaka vyote vilivyobaki, ila vitumwe Mlowo kwa basi.

"Juu ya boksi andika vijiko," alisema taratibu. "Na jina la mtumaji liwe lako, mama."

Edina alimwambia apite kesho. Mwanamume huyo alipoondoka, Edina alivifunga vile visu kumi na viwili ndani ya kitenge, akafunga duka mchana kweupe, akaenda kituo cha polisi.

Afande Mercy alibonyeza kimoja. Askari aliyekuwa karibu alirudi nyuma.

"Vimepita forodhani?"

Edina alianza kukikunja kitenge chake.

"Mama, panga la shamba kazi yake inajulikana. Hiki kazi yake ni kukaa mfukoni mpaka mtu asogee karibu. Anayekivusha kimyakimya ana la kujibu, anayekiuza ana lake, na anayekituma kwa jina la uongo naye ana lake. Hilo la mwisho umelikwepa kwa kuja hapa. Hayo mengine tutayaandika."

Yakaandikwa, naye akatia sahihi. Aliambiwa asitoke Tunduma bila kuaga kituoni. Kesho yake askari wawili wasio na sare walishinda dukani wakigeuzageuza masufuria, lakini mteja yule hakutokea. Nani alimtonya, hakuna aliyejua. Lwitiko naye alizima simu.

Wiki mbili zikapita, Edina akaitwa tena kituoni. Mezani palikuwa na mpini mweusi, na juu yake kibandiko cha bei chenye mwandiko wake. Rubeni, dereva wa bodaboda wa Mlowo, alikuwa amechomwa kwa kisu hicho chini ya mbavu.

"Ni changu," alisema Edina.

"Ulimuuzia vingapi?"

"Vinane."

Afande Mercy aliandika, kisha akaweka kalamu chini. "Basi vingine saba viko nje."

Edina aliomba ruhusa ya kutoka Tunduma, akampelekea Rubeni uji hospitalini. Rubeni alikunywa polepole, akimtazama.

"Mama, tunafahamiana?"

"Nilisikia tu umeumia," alijibu.

Kesi yake bado haijasikilizwa. Duka analifungua kama kawaida, ila mteja akitia mkono mfukoni kutafuta hela, Edina hurudi nyuma hatua moja na kusubiri aone kitakachotoka.